Furaha Chini ya Mlima wa Moto

Wazazi wengi hujiuliza neno hili: Je, yafaa kuwafundisha watoto furaha, hali sisi wenyewe hatujui kesho tutalala wapi? Si swali la mzaha. Watu wa Goma wanaujua uzito wake. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, mto wa moto ukapita katikati ya mji, ukateketeza nyumba nyingi na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu.

Katika mji huo alizaliwa, mwaka wa 1981, kijana Floribert Bwana Chui. Alisoma sheria, kisha akapata kazi ambayo wengi huitamani, kazi ya serikali ya kukagua bidhaa zipitazo mpakani. Lakini tusimtazame kwanza ofisini. Tumtazame pamoja na maibobo, watoto wale wa barabarani ambao wengine wetu huwafukuza kama nzi. Yeye na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio waliwafundisha, wakala nao meza moja. Mtoto asiye na kwao anaketi, anaitwa kwa jina lake, anakula anashiba: nani ataniambia kwamba hiyo si furaha, ati kwa sababu mlima ungali unatoa moshi?

Mwaka wa 2007 ikaletwa shehena ya mchele ulioharibika. Floribert akaahidiwa fedha ili aupitishe. Akamwuliza mtawa mmoja aliye daktari kama chakula hicho chaweza kuwadhuru watu. Jibu likamtosha, akakataa. Mwezi wa Julai alitekwa, akateswa, akauawa. Umri wake ulikuwa miaka 26.

Mtu atasema: Basi, furaha yake iko wapi? Neno ni gumu, wala sitaki kulilainisha. Imani haimkatazi mama kumlilia mwanawe. Lakini fikirini: mchele ule ungalipita, nani angaliununua? Si matajiri. Wangaliula maskini, labda na watoto wale wale wa mezani pake. Aliyekwisha kumwona Kristu katika nyuso zao hakuweza kuwapa sumu kwa mkono uleule uliowapakulia chakula. Naona kwamba furaha yake na kukataa kwake vilikuwa jambo moja.

Tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo mjini Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Miezi michache kabla, mwezi wa Januari, vita vilikuwa vimeingia tena Goma, na watu wengi walikuwa wamefiwa au wamekimbia makao yao.

Enyi wazazi, jioni hii, kabla ya sala ya jamaa, wasimulieni watoto habari za mchele ule. Watauliza maswali mengi. Msiwaharakishe kwenda kulala.