Bambo la tumbo: tupime ukali wa ugonjwa kabla ya kulipia dawa

Hakuna mnunuzi wa mpunga au maharage hapa Mwanza anayekubali gunia kwa kulitazama nje. Huchoma bambo ubavuni, akamimina punje kiganjani, akaangalia mchanga, unyevu na wadudu, ndipo bei itajwe. Mkulima wa pamba wa Magu au Kwimba naye anajua kwamba mzani peke yake hautoshi, kwani pamba safi ina bei yake na pamba fifi ina yake.

Wiki hii safu hii inaacha kidogo bei za sangara na dagaa, izungumzie mali ambayo wafanyabiashara wengi huigharamia bila kuichoma bambo. Mali hiyo ni tumbo la mwenye biashara.

Namfahamu mchuuzi mmoja wa dagaa anayefungasha mzigo Mwaloni, Kirumba. Kwa muda wa miezi minane alikuwa akiharisha damu. Kila hali ilipozidi alikwenda duka la dawa, akanunua vidonge vya amiba, akapata nafuu ya siku chache, kisha akarudi kulekule. Tulipokaa kupiga hesabu, fedha alizoziacha madukani, ukijumlisha na siku za soko alizolala nyumbani, zilikuwa zimeshapita gharama ya kipimo alichokuwa akikikwepa kwa kukiona ghali. Alipokubali kupimwa, alikutwa na ugonjwa wa kudumu wa uvimbe na vidonda vya utumbo mpana. Vidonge vya amiba visingeuponya hata angekula katoni nzima.

Kipimo chenyewe ni endoskopi. Daktari hupitisha mpira mwembamba unaopinda, wenye taa na kamera nchani, akauona utumbo kwa ndani na kukata vipande vidogo vya nyama vya kupimwa kwa hadubini. Ukipitishwa njia ya haja kubwa kukagua utumbo mpana wote huitwa kolonoskopi. Wengi wetu tunadhani kazi yake ni kutaja jina la ugonjwa tu. Kwa maoni yangu, faida kubwa ambayo mgonjwa hulipia bila kuidai ni daraja la ukali.

Kwa vidonda vya utumbo mpana, madaktari wengi duniani hutumia kipimo kilichotokana na utafiti wa kliniki ya Mayo, Marekani, uliochapishwa 1987. Sifuri maana yake utumbo ni mzima au umepona. Moja ni wekundu kidogo, na mishipa midogo ya damu imeanza kufifia machoni. Mbili ni wekundu mkali, mishipa haionekani kabisa, kuna michubuko, na utumbo ukiguswa unatoa damu. Tatu ni vidonda kamili na damu inayotoka yenyewe. Kwa ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa huko New York mwaka 1932, kipimo kimoja cha mwaka 2004 hugawa utumbo sehemu tano, na kila sehemu huhesabiwa ukubwa wa vidonda, eneo vilipoenea, eneo lote lililoathirika, na kama njia imesinyaa.

Daraja hilo lina kazi, kwa sababu maumivu ni mizani mibovu. Yuko mtu anayejisikia mzima huku utumbo wake bado una vidonda, na yuko anayelalamika tumbo wakati utumbo umekwisha kupona. Wa kwanza akiacha dawa anajitafutia hasara, kwani uvimbe unaodumu miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Wa pili akiongezewa dawa kali anatupa fedha na kubeba madhara bure. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya matibabu, kama mwenye duka anavyohesabu mali mwanzo na mwisho wa mwaka. Hesabu ya mara moja haikuambii kama unapata au unapoteza.

Hapa ukanda wa Ziwa kuna jambo la ziada. Damu kwenye choo inaweza kutokana na kichocho cha tumbo, amiba, kifua kikuu cha utumbo, au ugonjwa huu wa kudumu. Dawa zake hazifanani na nyingine hupingana. Steroidi, mathalani prednisoloni, hutuliza uvimbe wa ugonjwa wa kudumu, lakini akipewa mwenye amiba zinaweza kumuua. Kwa hiyo utaratibu wa matumizi ya fedha uwe huu: kwanza choo kipimwe mayai ya kichocho na amiba, kazi ya gharama ndogo. Jibu lisipopatikana au dawa sahihi isiposaidia, ndipo endoskopi, na vipande vya nyama vichukuliwe. Picha bila vipande ni bambo lililochomwa bila kumimina punje.

Kichocho chenyewe nacho kina madaraja yake. Mayai ya minyoo hiyo husafirishwa na damu hadi kwenye ini, na baada ya miaka makovu huziba njia. Damu itokayo matumboni ikikosa pa kupita, mishipa ya njia ya chakula huvimba, na ikipasuka mtu hutapika damu. Daktari hupitisha mpira mdomoni, akapima unene wa mishipa hiyo, na ile ya hatari huifunga kwa vipete vya mpira kupitia chombo hichohicho. Wavuvi na wauza samaki wanaoshinda majini wanahusika kuliko mtu mwingine yeyote.

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa 1971 na ambayo ni ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa, imekuwa ikitoa huduma ya endoskopi. Mfanyabiashara wa Sengerema au Ukerewe anayeogopa nauli akumbuke mchuuzi wangu wa dagaa. Aidha, akienda, adai mambo matatu: daraja liandikwe kwenye cheti chake, vipande vya nyama vipelekwe maabara, na tarehe ya kurudi itajwe.

Hata hivyo, kuna wakati wa kutosubiri foleni ya kamera. Tangu 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, walionyesha alama za hatari zinazopimika popote. Choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na joto kupita 37.8, au mapigo ya moyo kupita 90 kwa dakika, au damu kupungua chini ya 10.5, ni dharura ya kulazwa. Katika hali hiyo daktari hutazama sehemu ya mwisho tu ya utumbo kwa uangalifu, maana kuusukuma mpira hadi mwisho kunaweza kuutoboa.

Wawekezaji wadogo nao wana swali lao. Tangu sheria ya 1991 iliporuhusu tena hospitali binafsi za biashara, zilizopigwa marufuku 1977, wengi wameingia katika zahanati na maabara, na sasa wapo wanaouliza kama kununua endoskopi kunalipa. Jibu langu ni kwamba mpira wenyewe ni sehemu tu ya mtaji. Baada ya kila mgonjwa lazima uoshwe kwa dawa maalumu na kwa hatua zake zote, la sivyo unahamisha magonjwa. Unahitaji zaidi ya mmoja, umeme wa uhakika, muuguzi aliyefunzwa, fundi, na mtaalamu wa kusoma vipande vya nyama. Anayenunua mashine kwanza na kutafuta daktari baadaye amenunua pambo. Ni heri wenye mitaji midogo waungane na hospitali yenye bingwa tayari, waweke fedha mahali kazi inapokwama, iwe ni uoshaji, matengenezo au maabara.

Wenye bima za afya nao wasilipie kipimo cha kwanza na kukataa cha marudio. Wakifanya hivyo wataendelea kulipia dawa miaka nenda rudi bila kujua kama zinafanya kazi, hasara ambayo hakuna mnunuzi wa mpunga angeikubali.

Mchuuzi wangu amesharudi Mwaloni. Cheti chake cha kwanza kiliandikwa daraja la pili, na anasubiri tarehe ya marudio. Anasema safari hii hatakwenda kuuliza kama amepona, atakwenda kuuliza namba.