Punda kumi na nane



Sisi wakubwa wa wanafunzi tunaanza na kosa letu wenyewe, kusudi mtu asiseme tunahubiri tu. Mwezi uliopita ndugu mmoja wa darasa letu alisimama kujijulisha kwa kifaransa. Alitaka kusema ana miaka kumi na minane, dix-huit ans. Lakini mwishoni ulimi ukapanda juu, n ikasikika yote, na neno lililotoka ni dix-huit ânes. Punda kumi na nane! Darasa zima likacheka, na wa kwanza kucheka tulikuwa sisi, tuliowekwa kutunza utulivu. Mpaka leo watoto wa madarasa ya chini wanamwita Mwenye Punda. Tangu siku ile hajafungua kinywa kwa kifaransa mbele ya watu.

Huyu ndugu alikimbia Sake pamoja na jamaa yake wakati wa vita ya 2024, akakaa kambini upande wa Goma, masomo yakakatika. Sasa ni finalisti kama sisi, na katika Exetat kuna sehemu ya kifaransa ya kusema kwa kinywa. Akinyamaza mbele ya mwenye kumuuliza, nani atamjibia? Sisi tuliocheka?

Na tuseme ukweli, wengi wetu tuko na punda wetu, tunawaficha tu. Katika kihunde, kinyarwanda na kiswahili chetu, sauti ya pua ni m ao n inayoshikana na herufi ya mbele: mbuzi, ndizi, ngoma. Kinywa kinafungwa kwa midomo ao kwa ulimi, na hewa inatokea puani. Kifaransa kinafanya jambo lingine. Kinywa kinabaki wazi, na vokali yenyewe inapita kinywani na puani kwa mara moja. N imeandikwa pale, lakini ulimi hauiguse. Wazee wetu waliosikia camion na ballon walisema kamio na balo. Hawakuweka n mwishoni, kwa sababu hawakuisikia. Masikio yao yalikuwa mazuri kuliko macho yetu! Ni sisi tunaoiona kitabuni ndio tunaisukuma, na mwenye kutaka pain, mkate, anajikuta ameomba peine, ni kusema huzuni.

Tena, mwenye kucheka ajue kwamba hata wenye lugha wanapoteza. Vitabu vinafundisha sauti nne za namna hii: an, on, in, un. Lakini Paris watu wengi hawatenganishi tena brun na brin, wakati Wabelgiji bado wanatenganisha. Hakuna mtu anayewacheka watu wa Paris. Na mgeni Mfaransa akifika kwetu, umwombe aseme Ngungu ao Ndosho: ataanza kwa kuongeza vokali mbele, jasho litamtoka. Wajapani nao wanaisema Honda kwa mapigo matatu, Ho-n-da, n ikisimama peke yake. Sisi tunaisema kwa mawili, Ho-nda. Kila kinywa kilifundishwa kwao.

Mnakumbuka Waamuzi sura ya 12. Kwenye vivuko vya Yordani watu wa Efraimu waliulizwa neno moja tu, Shibolethi, wakashindwa kulitamka, na 42,000 wakauawa. Tulipolisoma kwenye ibada hakuna aliyecheka. Hapa Masisi tunajua vizuri ni nini mtu kupimwa kwa ulimi wake. Basi inakuwaje tunafanya mchezo ule ule ndani ya darasa, hata kama ni kwa kicheko tu?

Kwa walimu wetu tunaomba, kwa heshima, jambo moja: mwanafunzi asisimamishwe kusoma mbele ya wote kabla hajaonyeshwa namna ya kutamka. Si vigumu. Ncha ya ulimi ilale nyuma ya meno ya chini, isipande kabisa. Ikipanda tu, punda ameingia. Halafu sema an na kubana pua kwa vidole. Sauti ikibadilika, ni vema, hewa ilikuwa inapita puani. Isipobadilika, umesema a ya kawaida. Tulijaribu jioni moja, wanane, kila mtu ameshika pua yake, na Bwana Prefe akapita, akauliza kama ni harufu ya choo.

Sisi wakubwa tumepatana hivi: atakayecheka msomaji, yeye ndiye atakayesoma kesho yake, na mkubwa akicheka atasoma siku mbili. Mazoezi ni kila Jumatano nyuma ya masomo, darasa la mwisho karibu na jiko. Tutaanza na an. Tulikwenda kumwomba ndugu yetu radhi, tukamwalika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atakuja, lakini tutafute majani ya kutosha, kwa maana hatakuja peke yake.