Utamu Ndio Unaomwita Komba

Sisi wa ukanda wa Pwani tumezoea kusikia mtu akisemwa kwamba amelewa kama komba. Usemi huu una mnyama wake wa kweli. Komba hutembea usiku, hula matunda na wadudu, na wagema wa Kibaha na Kisarawe wanamfahamu kwa sababu hupanda mnazi gizani, akakifikia kibuyu, akanywa.

Je, huko juu anatafuta nini? Sisi tunaamini kwamba hatafuti ulevi. Anafuata utamu. Maji yanayodondoka kutoka katika karara lililokatwa ni matamu kwa sukari, na hamira ya asili iliyomo hewani na ndani ya kibuyu chenyewe huanza mara moja kuigeuza sukari hiyo kuwa kilevi. Kwa saa chache tu kilevi huweza kufikia asilimia 4, karibu sawa na bia. Komba aliyefuata sukari amekwisha kupata vyote viwili.

Wataalamu wameliangalia jambo hili kwa panya wa maabara. Panya wanaopenda sana maji yaliyotiwa sakarini ndio ambao mara nyingi hunywa pombe nyingi wanapopewa nafasi, na panya waliozalishwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu ya kupenda pombe walionekana kupenda utamu kuliko wenzao. Tukumbuke kuwa sakarini ni tamu lakini haishibishi, kwa hiyo si njaa iliyowasukuma. Tena panya wadogo walioondolewa jeni inayohusika na kutambua utamu walipunguza kunywa pombe. (Paka wa nyumbani, ambaye ilithibitishwa mwaka 2005 kwamba hawezi kabisa kuonja utamu, hana sababu ya kumfuata komba mnazini.)

Hata kwa jirani zetu Uganda, katika msitu wa Kibale, utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kuwa sokwe wanaokula matunda mabivu kutwa nzima hupata humo kilevi kidogo kidogo. Hawalewi, kwa kuwa kimetawanyika katika kilo nyingi za matunda. Kibuyu ni kitu kingine: kimekusanya.

Tunayasema haya kwa ajili ya watoto. Katika nyumba nyingi mtoto hupewa tembo tamu kama vile anapewa soda. Mzazi huonja, akaona halijakolea, akammiminia kikombe. Lakini ulimi ni mpimaji mbaya hapa, kwani utamu huficha kilevi, na tembo la asubuhi si lile lile la saa nane mchana. Mtoto mwenye kilo 15 hana mwili wa kubeba anachobeba baba yake. Na zaidi ya siku hiyo moja, anajifunza kuwa ladha anayoipenda kuliko zote inakaa ndani ya kibuyu.

Wapo watakaotuambia kwamba walikunywa utotoni na hawakuwa walevi. Ni kweli. Panya si binadamu, na uchunguzi kwa watu umetoa majibu yanayopingana: pengine walevi walionekana kupenda utamu zaidi, pengine hapana. Hatusemi kwamba kila mtoto apendaye miwa atakuwa mlevi, hilo lingekuwa jambo la kuchekesha. Tunasema tu kwamba watoto karibu wote hupenda utamu, na anayeuza kilevi analijua hilo. Viroba, vile vifuko vya pombe kali vya bei ya chini, vilipigwa marufuku nchini Machi 2017, lakini pombe zenye ladha ya matunda bado zipo madukani, na chupa zake zinapendeza macho ya kijana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Kikombe anachopewa na mama yake barazani hakuna askari atakayekiona.

Kwa hiyo ombi letu kwa wazazi wa Mlandizi, Maneromango na kwingineko ni dogo: tembo la aina yoyote, tamu au kali, lisiwe kinywaji cha mtoto. Mkitaka kumpa kitu kitamu kutoka mnazini, mpeni dafu. Karara likigemwa halizai nazi, hivyo mwenye mnazi mmoja uani inabidi achague.