Imo, Ipo au Iko? Protini za Jani na Viambishi vya Mahali

Aghalabu mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi huishia kwenye nomino. Wanaoshuku uwezo wa lugha hii hutaja dhana ngeni na kuuliza, "Hii nayo mtaiitaje?" Nasi wakereketwa hukimbilia kuunda istilahi. Tangu TUKI ichapishe Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, orodha hazijakosekana. Nashikilia kuwa nomino ndiyo sehemu nyepesi ya kazi.

Tuchukue mfano unaoelekea kuwa mgumu: jinsi protini zinavyojipanga katika seli inayokua kuwa unywele wa jani. Mmea uliochunguzwa zaidi ni Arabidopsis thaliana, gugu dogo la ukoo mmoja na sukumawiki. Unywele wake, ambao ningependa uitwe laika maadamu neno hilo tunalo tayari kwa vinyweleo vya mwili, ni seli moja tu, kwa kawaida yenye matawi matatu.

Katika jani changa seli hufanana. Ni ipi itakayokuwa laika? Jibu limo katika mahali protini zilipo. Protini iitwayo TTG1 husafiri kutoka seli hadi seli. Ifikapo kwenye seli yenye protini ya GL3 kwa wingi, hunaswa na kuzuiliwa kiinini, nazo seli jirani hupungukiwa nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilidhihirisha hili. Baadaye, matawi yanaporefuka, nyuzi za aktini hufuma wavu karibu na ncha. Zikikosekana protini za kundi la ARP2/3, zinazochipuza nyuzi hizo, laika hupindapinda. Watafiti huyafuatilia haya kwa kuiunga protini husika na nyingine ing'aayo kijani, iliyotokana na yavuyavu wa baharini.

Sasa tuitazame sarufi. TTG1 iliyonaswa imo kiinini. Wavu wa aktini upo penye ncha. Protini ambayo ingali safarini iko huko baina ya seli. Viambishi mu-, pa- na ku- vimetenganisha undani, mahali mahususi na mahali kwa jumla kabla hatujaunda hata istilahi moja. Waama, zipo lugha zinazohitaji kirai kizima kwa kazi hiyo.

Kinachonisikitisha ni kwamba tofauti hizi tunaziua wenyewe. Vyuoni mwetu kila kitu "kiko": kitabu kiko mkobani, mhadhiri yuko darasani. Mazungumzoni hasara ni ndogo. Katika sayansi, aandikaye kuwa protini "iko kwenye seli" hajaeleza lolote. Kuna atakayesema kuwa pa- na ku- huingiliana hata kwa wasemaji stadi. Ni kweli, lakini mu- haina utata huo, nayo ndiyo inayotoweka kwa kasi zaidi.

Tasnifu za istilahi tunazo tele. Mwanafunzi mmoja na awape wenzake wa biolojia picha ya hadubini ya laika, awaombe waieleze kwa Kiswahili, kisha ahesabu imo, ipo na iko zao. Tasnifu hiyo ningeisoma kabla ya kamusi nyingine yoyote.