Mfumo wa Mafaili kwa Seva Ndogo: Uimara Kwanza

Seva pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Kumbukumbu yake ni ya kugawiwa, tena haba. Shule inayotunza humo alama za wanafunzi haina haja ya ZFS, ijapokuwa mfumo huo hugundua data iliyoharibika, kwani hutumia kumbukumbu nyingi. Mfumo wa ext4, uliotangazwa kuwa imara katika Linux 2.6.28 mwaka 2008, watosha. Huandika kwanza daftarini badiliko la mpangilio wa mafaili, ndipo hulitekeleza. Umeme ukikatika, daftari husomwa na mpangilio hurudi sawa upesi. Lakini daftari si nakala ya akiba: diski ikifa, alama hupotea. Basi wepesi uchaguliwe, na nakala iwekwe mahali pengine.