Waraka kwa wanachama wote: maswali ya chemsha bongo na daftari letu la matokeo

Ndugu wanachama,

Maswali ya chemsha bongo kuhusu mabingwa wa kwanza wa riadha ya Olimpiki yamenifikia kutoka matawi yote, nami nimeyasoma moja baada ya jingine. Vijana wamesoma kweli, na hilo limenifurahisha. Ila kuna swali moja lililojirudia mno: nani alipata medali ya kwanza ya dhahabu Athens mwaka 1896? Nawaomba tulifute. James Connolly wa Marekani alishinda miruko mitatu tarehe 6 Aprili, akawa bingwa wa kwanza wa michezo ile, lakini alichokabidhiwa ni medali ya fedha na tawi la mzeituni. Mshindi wa pili alipata shaba. Mtoto atakayejibu kwamba hapakuwa na dhahabu atakuwa sahihi, na karatasi yetu itamnyima alama.

Liko pia lile la Michel Théato, mshindi wa marathoni ya Paris mwaka 1900. Mmeandika kwamba alikuwa kijana wa kupeleka mikate, akazijua njia za mkato. Hadithi hiyo ni tamu, lakini si ya kweli. Alikuwa seremala, na kwa kuzaliwa ni mtu wa Luxembourg, ingawa ushindi wake umeandikwa wa Ufaransa.

Nawaomba mtulie zaidi kwenye marathoni ya St. Louis ya tarehe 30 Agosti 1904. Siku ile jua lilikuwa kali, barabara ni vumbi tupu, na kati ya wakimbiaji 32 walioanza, 14 tu ndio waliomaliza. Wa tisa na wa kumi na mbili walikuwa Len Taunyane na Jan Mashiani wa Afrika Kusini, Waafrika weusi wa kwanza kushindana Olimpiki. Walikuwa wamepelekwa kule kwa onyesho la Vita vya Makaburu, katika maonyesho makubwa ya dunia. Walikuwa Watswana, wakaitwa Wazulu. Na majina yao? Yaliandikwa Lentauw na Yamasani, yakakaa hivyo vitabuni miaka mingi. Mtu amekimbia kilomita zipatazo 40 kwenye joto lile, kisha karani akashindwa kumuuliza anaitwa nani! Kila nikilikumbuka jambo hili moyo huniuma.

Maandishi mabaya hudhuru hata wasiokuwapo. Amsterdam mwaka 1928 wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika riadha ya Olimpiki. Lina Radke wa Ujerumani alishinda mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia. Magazeti yakatangaza kwamba wanawake walianguka ovyo na wengine wakashindwa kumaliza. Ukweli ni kwamba waliingia fainali tisa, wakamaliza wote tisa. Hata hivyo mbio hizo ziliondolewa kwa wanawake, zikarudi Roma mwaka 1960. Hesabuni wenyewe ni mabinti wangapi waliozeeka katika miaka hiyo 32 bila kupewa nafasi.

Nasema haya kwa sababu na sisi tuna kosa. Mwaka jana binti yetu aliyeshinda mita 1500 aliandikwa daftarini kwa jina la babu yake peke yake, na muda wake haukuandikwa kabisa. Mama yake alikuja kuuliza, nami sikuwa na la kumjibu.

Basi, kila tawi liyapitie upya maswali yake kabla ya kikao kijacho na kuondoa kila jibu lisilo na uhakika. Makatibu wa matawi, leteni madaftari ya miaka mitano iliyopita. Tutawafuata wakimbiaji, hata walioacha na kuolewa mbali, tuwaulize majina yao matatu. Na kuanzia mashindano yajayo, karani asifunge daftari kabla ya kumsomea kila mkimbiaji jina na muda wake kwa sauti, naye asahihishe mwenyewe pale pale uwanjani.

Wenu katika riadha,
Katibu