Mwananchi Yuko Tayari, Afisi za Kaunti Ndizo Hazijajiandaa

Kuna kauli inayopendwa katika kaunti zetu 47: ushirikishaji wa umma mtandaoni umekwama kwa sababu mwananchi bado hajawa tayari. Eti hana simu ya kisasa, hana bando, haelewi bajeti. Kauli hiyo haina mashiko. Mama mboga anayedharauliwa hivyo hupokea na kutuma pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza 2007, na dereva jijini Nairobi hulipia maegesho kwa simu bila kaunti kumhoji kuhusu kiwango chake cha elimu. Inakuwaje simu iweze kupeleka ada, lakini ishindwe kupeleka maoni?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 haikungoja mwananchi aive. Kifungu cha 87 kinampa haki ya kupata habari na nyaraka kwa wakati. Cha 91 kinaitaka kaunti iwezeshe njia za kushiriki, zikiwemo za teknolojia ya mawasiliano. Cha 89 kinailazimu kujibu upesi maombi na malalamishi yake. Mzigo wote huo ni wa afisi. Lakini mara nyingi bajeti ya mamia ya kurasa, tena ya Kiingereza kitupu, hupakiwa mtandaoni siku chache kabla ya kikao, na chini yake pakawekwa anwani ya barua pepe asiyopangiwa karani yeyote kuisoma. Mwananchi akikaa kimya, kimya chake kinafanywa ushahidi kwamba hajali. Mahakama Kuu ilishaukataa ujanja huu mwaka 2014 ilipofuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013: Jaji George Odunga alisema haitoshi kutuma ujumbe wa Twitter kisha kuwaachia wanaojali wajitafutie. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo.

Watetezi wa kaunti watasema kwamba wazee wengi wa vijijini hawana intaneti. Ni kweli, na ndiyo maana jaji huyo alitaja pia misikiti, makanisa, mabaraza na redio za lugha za mama. Mtandao uongezwe juu ya baraza, usilifute. Hata hivyo, hoja hiyo haimwokoi afisa: maoni yaliyotolewa chini ya mwembe nayo yanahitaji mtu wa kuyaandika, kuyapima na kuyajibu. Wengine watadai kwamba mtandaoni kuna matusi matupu. Wakumbuke Mswada wa Fedha wa 2024. Ulikuwa wa serikali ya kitaifa, lakini vijana waliuchambua mtandaoni kifungu kwa kifungu, wakaonyesha VAT ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya magari, na mapendekezo hayo mawili yakaondolewa Juni. Matusi yalikuwepo, ila hoja zilikuwepo pia, na aliyetaka kuziona aliziona.

Basi tuache kupima utayari wa wananchi, tupime wa waajiriwa wao. Kipimo kipo tayari: kifungu cha 92 kinamtaka gavana awasilishe kwa bunge la kaunti, kila mwaka, ripoti kuhusu ushiriki wa wananchi. Mwulize mwakilishi wadi wako ripoti ya mwaka jana iko wapi, na maoni yako yamo ukurasa gani.